Nyumba za Wafanyabiashara wa Parian: kutoka Mji wa Kale hadi Cebu

Haya nayaandika nikiwa nimesharudi Mombasa, kwa kuunganisha daftari na picha za simu. Daftari lililowa mvua kule kisiwa cha Mactan, kwa hiyo bei nyingine nimezisoma kwenye picha za risiti.

Kwa mlioniuliza kilichonipeleka Ufilipino, jibu ni Parian. Ni mtaa wa zamani wa wafanyabiashara katika jiji la Cebu, wenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilizojengwa enzi za Wahispania. Mojawapo, Casa Gorordo, imekuwa jumba la makumbusho tangu 1983. Sisi kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, tuna nyumba ya babu yenye warithi wengi na paa bovu, na nilitaka kuona kwa macho yangu nyumba za namna hiyo zinasimamaje.

Alhamisi: Mombasa hadi Nairobi

Treni ya alasiri kutoka Miritini, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Ukaguzi wa mizigo ni mrefu, masanduku yanapangwa mstari mbwa wanapita kuyanusa, basi fika mapema. Nilibeba viazi vya karai na ukwaju kwenye mkebe, na kabla ya Voi harufu yake ilikuwa imeshanipatia marafiki. Tulishuka Syokimau usiku, na kutoka hapo uwanja wa ndege si mbali kwa teksi.

Kwa wenye pasipoti ya Kenya: Ufilipino hawatudai viza kwa matembezi ya hadi siku 30, ila watataka kuona tiketi ya kurudi, na pasipoti iwe na miezi sita au zaidi kabla ya kuisha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, si ndani ya sanduku. Kuna pia fomu ya mtandaoni iitwayo eTravel, inayojazwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure. Ukifungua ukurasa ukakudai pesa, ufunge upesi. Hao ni matapeli.

Ijumaa na Jumamosi: angani na kwenye viti vya chuma

Ndege ya kwanza ilichelewa kwa saa nyingi bila maelezo, tukakosa ile ya kuunganisha huko Ghuba. Tukapewa kuponi ya wali na kuku, tukaambiwa tusubiri. Kusubiri huko sina la kusimulia, nililala.

Ndege ya pili ilikuwa imejaa Wafilipino wanaorudi likizo kutoka kwenye kazi zao za Ghuba, na jirani yangu alikuwa mama aliyefanya kazi za ndani Riyadh kwa miaka sita. Kiingereza chake na changu havikupatana sana. Tukagundua sote tuna Kiarabu, mimi cha madrasa na maduka, yeye cha jikoni. Basi tukaongea hicho hicho mpaka kukacha. Nilimwambia dada yangu mdogo naye yuko Jeddah, akaniuliza kama mwajiri wake anamwachia simu. Hilo ndilo swali lake la kwanza. Kabla hatujatua alichukua daftari langu akaandika namba za jeepney, yaani matatu zao, za kupanda, neno la kumwomba abiria mwenzako apitishe nauli, *palihug*, na la kumwambia dereva ashushe, *lugar lang*. Ukurasa huo ulinifaa kuliko kitabu chochote cha wasafiri.

Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Mactan na jiji liko ng'ambo, unavuka kwa daraja. Gari la kuita kwa simu lilinigharimu peso 350 hivi. Peso moja ni kama shilingi mbili na robo za kwetu. Chumba karibu na barabara ya Colon, chenye feni na bafu, peso 1,100 kwa usiku. Eneo hilo ni la makelele na usiku si pa kutembea na simu mkononi, lakini Parian unafika kwa miguu.

Jumapili: kanisani na ngomeni

Jumapili Cebu yote iko kanisa la Santo Niño. Sanamu ndogo ya Yesu mtoto iliyomo ndani inasemekana ni ile ile aliyoitoa Ferdinand Magellan, baharia Mreno aliyeitumikia Uhispania, mwaka 1521 kumpa mke wa Rajah Humabon, mtawala wa Cebu, siku ya ubatizo. Askari wa kamanda Legazpi waliikuta 1565 Wahispania waliporudi. Mimi ni Mwislamu, nilisimama uani tu. Huko uani kuna kina mama waliovaa manjano na nyekundu wanaouza mishumaa. Ukinunua, wanakuchezea dua yako: hatua mbili mbele, moja nyuma, mshumaa mkononi, huku wakitaja jina ulilowapa. Mnara wa kengele ulianguka katika tetemeko la Oktoba 2013 na umejengwa upya. Ukitazama vizuri unaona mawe mapya na ya kale yalivyoachana rangi.

Ngome ya San Pedro iko karibu, ya pembetatu, ndogo. Aliyeizoea Fort Jesus ataimaliza kwa nusu saa.

Shida ilikuwa tumbo. Sifa ya Cebu ni lechon, nguruwe mzima wa kuchomwa, na supu nyingi hujui zimepitiwa na nini. Karibu na soko la Carbon nilimwona mama aliyejitanda ushungi akiuza madera na khanga zao za mistari, nikamtolea salamu. Akaitikia kwa sauti iliyowageuza wauzaji wenzake. Alikuwa Mmaranao, watu wa kisiwa cha Mindanao, Waislamu, ambao utawakuta wakichuuza katika miji mingi ya Ufilipino. Nilimuuliza wapi pa kula halali.

"Umetoka wapi, dada?"

"Mombasa, Kenya. Afrika."

"Na umekuja peke yako!" Akamwachia mwanawe meza, akanishika mkono, akanivusha barabara mbili na kichochoro kimoja hadi kwenye kibanda cha binamu yake. Sahani ya kuku wa piaparan, yaani kuku aliyepikwa na nazi iliyokunwa na manjano, peso 95, na pembeni kijiko cha palapa, mchanganyiko wa vitunguu vyao vya majani, tangawizi, pilipili na nazi ya kukaanga. Pilipili zake si za kutania. Nilikula hapo siku zote zilizobaki, na yule mama kila nikipita aliniuliza kama nimeshiba.

Ukikwama kabisa, tafuta samaki wa kuchoma na *puso*. Ni wali uliochemshwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa ukuti mbichi wa mnazi, unapasuliwa kwa kisu na kuliwa na mkono uliovishwa mfuko wa plastiki. Bei ni vichele.

Jumatatu: Mactan, mvua

Makumbusho ya Casa Gorordo hufungwa Jumatatu. Panga siku zako ukijua hilo.

Nikapanda jeepney kwenda Mactan, peso 13 kwa kipande cha kwanza. Unaingia kwa nyuma, mnakaa mkitazamana magoti kwa magoti, nauli inapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva na chenji inarudi njia ile ile, hakuna anayeidokoa. Kwa mtu wa matatu hili ni jambo la kushangaza.

Kule kuna sanamu kubwa ya Lapulapu, chifu aliyekataa kumtii Magellan, na ndiye ambaye watu wake walimuua tarehe 27 Aprili 1521 katika maji ya kina kifupi. Hatua chache kutoka hapo Wahispania walimjengea Magellan mnara wao mwaka 1866. Wawili hao sasa wanapigiwa picha katika uwanja mmoja. Mie nilisimama kwenye mvua nikiwaza habari ambayo haimo kwenye kibao chochote pale: miaka 16 kabla ya kufa, Magellan alikuwa kijana katika msafara wa Wareno chini ya Francisco de Almeida uliotoka Lisbon 1505, msafara ule ule ulioipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Nilijaribu kumweleza mlinzi. Akacheka, akaniambia basi ninunue na fulana ya Lapulapu. Nikanunua.

Jumanne: Casa Gorordo

Kiingilio cha mgeni hakikufika shilingi mia tano za kwetu, na kiongozi yumo ndani ya bei. Nilipewa binti mmoja mpole aliyeniita "ma'am" kila baada ya sentensi.

Nyumba ilijengwa katikati ya karne ya 19 na Alejandro Reynes y Rosales. Mwaka 1863 ikanunuliwa na Juan Isidro de Gorordo, mfanyabiashara wa Kihispania, na vizazi vinne vya ukoo wake vikaishi humo. Mmoja wao, Juan Gorordo, alikuwa Mfilipino wa kwanza kuwa askofu wa Cebu. Taasisi ya familia ya Aboitiz iliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaikarabati, na mwaka 1991 serikali ikaitangaza alama ya kihistoria ya taifa.

Angalia huo mwaka 1863. Bandari ya Cebu ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1860. Kabla ya hapo mzigo wa kwenda ng'ambo ulipitia Manila. Mara sukari na abaka zikaanza kutoka Cebu moja kwa moja, na makampuni ya Waingereza na Wamarekani yakaja kufungua ofisi. Abaka ni mgomba ambao hautakiwi ndizi zake, unatakiwa nyuzi za shina, zinazosokotwa kamba za meli. Ndiye mshindani wa katani yetu ya Pwani katika soko la kamba, miaka mingi baadaye. Kwa hiyo nyumba hii ilinunuliwa wakati pesa zinaingia bandarini.

Wageni wote hukimbilia juu. Juu ni pazuri, sikatai: sebule pana yenye viti vya henzirani, chumba cha kulia, chumba cha sala kilichojaa watakatifu wa mbao, chumba cha askofu, na nyuma roshani kubwa ya mbao inayopokea upepo. Lakini nyumba ya tajiri wa biashara huanzia chini, kama kwetu Mji wa Kale: chini bidhaa na gari la farasi, juu watu. Ukuta wa chini ni wa matumbawe, mnene, na ukitia kucha katika mwanya wa mawe mawili unakuta chokaa nyeupe yenye chembe za kombe ndani. Leo ghorofa hiyo ina maonyesho na duka la zawadi, safi, lenye kiyoyozi. Ningependa wangeacha pembe moja na gunia za sukari na mzani, mtu aone hizo samani za juu zilinunuliwa kwa pesa za nini.

Kilichonishika zaidi ni nguzo. Kwetu upana wa chumba huamuliwa na boriti la mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu basi, ndiyo maana vyumba vya Lamu na Mombasa ni virefu na vyembamba. Wao wana *tugas*, mti mgumu mno, na nguzo zake zinatoka ardhini zinapita sakafu ya juu hadi kwenye kenchi za paa. Zimeungwa kwa vigingi vya mbao. Ukuta wa mawe haubebi paa. Umezizunguka tu nguzo. Ardhi ikitikisika, mbao zinacheza, mawe yanacheza kivyake. Fundi wetu wa Kibokoni nilimtumia picha kumi za maungio hayo, akajibu kwa sauti ya dakika nne ambayo nusu yake ni "subhanallah".

Madirisha ni fremu za mbao zenye miraba midogo ya gamba la chaza wa *capiz* badala ya kioo. Nilisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa: kila mraba una mistari myembamba ya ukuaji wa yule chaza, na mwanga unaopita una rangi ya maziwa, jua la saa saba limefishwa makali. Chini ya dirisha kubwa kuna kidirisha kingine cha kusukuma, chenye vijiti, usawa wa sakafu, ili upepo upite hata dirisha la juu likifungwa usiku.

Sakafu inang'aa kama imemwagiwa mafuta. Nikauliza wanatumia nini siku hizi. Binti akanionyesha kwa vitendo namna walivyokuwa wakisugua watumishi wa zamani: nusu ya kumbi la nazi chini ya mguu mmoja, mkono kiunoni, mguu unakwenda mbele na nyuma mpaka nyonga zinalegea. Akacheza mbele ya picha za wakubwa wa nyumba, akanikaribisha nijaribu bila kumbi, tukacheka mpaka mlinzi akachungulia. Kuhusu hao watumishi, majina yao hayamo kwenye vibao. Nilimwambia hilo, akasema hata bibi yake alikuwa mmoja wa wasuguaji, katika nyumba nyingine.

Kidokezo: nenda saa tatu au nne asubuhi kabla wanafunzi hawajaja.

Jumatano: nyumba iliyomo ndani ya bohari

Asubuhi, Yap-Sandiego, dakika chache kwa miguu, karibu na sanamu kubwa la historia ya Cebu. Inahesabiwa miongoni mwa nyumba kongwe kabisa za Ufilipino, ya mwisho wa karne ya 17, ya mfanyabiashara wa Kichina Juan Yap na mkewe Maria Florido. Val Sandiego, mzao wao na mkusanyaji wa sanaa, aliichukua 2008 akairudishia uhai. Nililipa peso 50. Sakafu inalia kila hatua, vitu vimejaa hadi huna pa kugeukia, na mlinzi atakuambia mawe yalishikizwa kwa ute wa mayai. Inawezekana ute ulitiwa, ila mimi nimekulia kwenye vumbi la chokaa na nikiona chokaa naijua.

Kisha nikauliza njia ya nyumba ya 1730 ya Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki. Watu wa mtaani walinielekeza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikarudi kuuliza tena, wakanielekeza pale pale. Unapita geti la bohari, nondo zimelazwa chini, mabati, misumari kwa maboksi, kijana anapakia lori, na nyuma ya hayo yote, ndani kabisa ya kuta za bohari, limesimama jumba la mawe na tugas lenye vigae vya kale. Peso 50 nyingine. Ndani kuna kibao cha ukutani kilichoandikwa mwaka wenyewe, *Año 1730*. Ni majengo mawili yaliyounganishwa kwa daraja la mbao. Mkubwa wa Wajesuiti wa Cebu ndiye aliyekaa humo, hadi shirika lao lilipofukuzwa katika makoloni ya Uhispania kwa amri ya 1767. Baadaye ikawa makazi ya watu, na hatimaye mali ya familia yenye duka.

Nilikaa humo kuliko nilivyokaa Casa Gorordo. Kuna sehemu ambapo unasimama chini ya boriti la karne ya 18 na mbele yako kuna chumba cha stoo. Huenda wengine wakaona ni aibu, mimi naona ndiyo siri yenyewe. Mwenye sementi ndani hawezi kuacha paa livuje. Mwenye misumari ya kuuza anaziba ufa siku ile ile. Nyumba nyingi za Kibokoni zilianza kufa siku duka la chini lilipofungwa, si siku tajiri wa juu alipohama.

Jioni nilikula *bibingka*, mkate wa unga wa mchele na tui, moto juu na moto chini, peso 25. Mkate wa sinia mtupu. Nilikula miwili.

Alhamisi: Carcar

Basi la manjano kutoka stendi ya kusini, chini ya peso 100, kilomita 40 hivi zilizotuchukua karibu saa mbili kwa foleni. Carcar ni mji wa nyumba kuukuu za mbao. Ile ya Balay na Tisa, ya 1859, huingii bila kuomba mapema, basi niliitazama nje. Wachuuzi huvamia basi na ngozi ya nguruwe ya kukaanga. Mwislamu mwenzangu, chukua *ampaw*, mchele uliofutuka na kushikizwa kwa sukari. Mama aliyekaa kando yangu alinilipia pakiti baada ya kuniona nauliza kila kitu kama kina nguruwe.

Kurudi, na hesabu

Njia ya kurudi haikuwa na mikasa. Tiketi ya ndege kwenda na kurudi ilinikamua elfu mia moja na kumi na kitu, nayo ndiyo gharama kubwa. Kule kwenyewe, ukilala chumba cha feni na kula vibandani, peso 1,800 kwa siku zinatosha na kubaki. Beba peso ndogo ndogo za jeepney, maana noti ya elfu moja itakufanya uchukiwe na gari zima. Beba mwavuli. Taa za *capiz* ni rahisi sokoni, zizungushie nguo sandukuni. Matumbawe na makombe mabichi usiguse, forodhani yatakutia matatani.

Na kama unafikiria Januari: Jumapili ya tatu ya mwezi huo ni sikukuu ya Sinulog. Barabara nyingi hufungwa na vyumba vya Colon huisha mapema. Anayetaka nyumba tu aende mwezi mwingine.